Kikohozi cha Heshima

Baba mkwe wangu niliishi naye nyumba moja, tukitenganishwa na ubao mwembamba kuliko kidole changu, na mpaka anazikwa sikuwahi kumtazama usoni. Mgongo wake nilikuwa naujua. Miguu yake pia, maana mtu aliyeinamisha kichwa huona miguu: ilikuwa mirefu, na kidole gumba cha kushoto kilikuwa kimepinda kwa jembe la zamani. Sauti yake ningeitambua hata leo katikati ya soko. Lakini uso, hapana. Jina lake nalo sijawahi kulitamka na sitalitamka hapa. Wajukuu zangu hucheka wakinisikia nalizunguka jina la mtu aliyekufa miaka mingi iliyopita. Huniambia, "Bibi, mambo hayo yamepitwa na wakati." Nawaacha wacheke. Mdomo wangu una mazoea yake, na nimechoka kubishana nao.

Kwetu ni Rungwe, chini ya Tukuyu, kwenye migomba. Mama yangu alinifundisha kabla sijaolewa. Ukimwona mkwe wako njiani, pisha, ingia migombani, jifunike nguo kichwani, chuchumaa mpaka apite. Usimwangalie, usimsemeshe, usikanyage nyumbani mwake. Si chuki, wala si kuogopa kupigwa. Ni heshima, na heshima kwetu ilikuwa na umbali wake. Hata neno linalofanana na jina lake hulisemi. Jina la mkwe wangu lilikaribiana na neno la kwetu la mvua, kwa hiyo tangu siku ya harusi mvua nikaiita "yale maji ya juu", na watu wote walinielewa. Nilipohamia Iringa na kukizoea Kiswahili nilifurahi, kwa sababu kwa Kiswahili niliweza kusema mvua imenyesha bila kumtaja mzee wa watu.

Mkwe mwenye adabu naye alikuwa na wajibu wake. Akikaribia kona ya njia au pembe ya nyumba, alikohoa. Kikohozi hicho kilikuwa hodi. Kilisema, mimi napita, mwanangu, tafuta pa kujisitiri. Wengine walikohoa wakiwa wamekwisha kufika, mwanamke akabaki anahangaika na chungu mkononi. Baba mkwe wangu hakuwa hivyo. Alikohoa mapema, taratibu, halafu akasimama kidogo ili nipate muda wa kuondoka bila kukimbia. Nilimpenda kwa jambo hilo tu, kabla sijajua lingine lolote juu yake.

Huko nyumbani utaratibu huo haukumwumiza mtu, kwa sababu wazee hawakukaa na watoto wao. Wanaume wa kwetu walijenga na watu wa rika lao. Wavulana waliochunga ng'ombe pamoja walianzisha kijiji chao, wakaoa humo, wakazeeka humo. Kwa hiyo mkwe wangu alikuwa na wenzake. Asubuhi alitoka na kigoda chake, na chakula alikula nao, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Pombe ya ulezi waliinywa kutoka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake, vichwa vimekutana katikati, wakigombana juu ya ng'ombe aliyekufa kabla sisi hatujazaliwa. Sisi wakamwana tulikuwa tunawasikia kwa mbali, na tulikuwa tunawacheka.

Kisha mama mkwe akafariki. Wenzake nao walikuwa wamepungua, mmoja baada ya mwingine, mpaka pale kwenye chungu mirija ikawa michache. Mimi wakati huo nilikuwa nimerudi kwetu kujifungua mtoto wangu wa kwanza, msichana. Mume wangu, ambaye alikuwa dereva wa lori la barabara za serikali huko Iringa, alipokuja kunichukua alimkuta baba yake amekaa peke yake mlangoni, amekonda, moto umezimika ndani.

"Tata," akamwambia, "twende kwangu. Hospitali iko karibu, na mjukuu wako atakuwepo pale."

Mzee alikubali. Nadhani alikubali kwa sababu aliyemwomba ni mwanawe, na mzazi akiombwa na mtoto aliyefanikiwa huona ni kumwaibisha akikataa.

Safari ile nikiikumbuka nacheka, ingawa haikuwa ya kuchekesha. Yeye alikaa mbele na mume wangu, mimi nilikaa nyuma na mtoto na mizigo, nimejifunika shuka mpaka machoni. Kila lori liliposimama, yeye alishuka kunyoosha miguu na mimi nikajificha nyuma ya magunia. Tulipofika Mbeya, baridi ilikuwa kali na mume wangu alitaka tunywe chai mgahawani. Mzee akakataa kuingia kama mimi nimo ndani. Mimi nikakataa kuingia kama yeye yumo ndani. Mwisho chai ya mzee ililetwa kwenye lori, yangu nikainywa nimesimama nyuma ya jengo, na mume wangu akanywa yake peke yake mezani kwa hasira. Hakuna aliyekosea. Kila mtu alikuwa anamheshimu mwenziwe.

Nyumba yetu Iringa ilikuwa ya wafanyakazi, vyumba viwili na mlango mmoja. Chumba cha mbele kilikuwa na mlango wa kutokea nje. Cha nyuma kilikuwa na dirisha tu. Katikati palikuwa na ukuta wa mbao usiofika darini. Mume wangu alimpa baba yake chumba cha mbele, kwa sababu ndicho chenye jua, na hakuna mtu anayemweka mzazi nyuma. Hakufikiri kwamba mimi, ili nitoke kwenda kupika, nitapita wapi.

Nilipita dirishani. Aliniwekea kasha la mbao chini ya dirisha, nami nikawa natoka na kuingia kupitia pale, mtoto mgongoni, sufuria mkononi, mchana kweupe. Jirani yetu, mama mmoja wa Kihehe aliyenizidi umri, siku ya kwanza aliponiona alidhani nimefungiwa ndani na mume wangu. Siku ya pili alidhani nimerukwa na akili. Nilipomweleza, akasema, "Sasa mwanangu, huyo mzee anaongea na nani?"

Nilikasirika. Niliona ananihukumu. Lakini swali lake lilibaki pale uani.

Maana ni kweli, aliongea na nani? Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji. Wazee wa Kihehe walimsalimu "kamwene", naye akajibu "kamwene", halafu wote wakatazama chini wakitabasamu. Mume wa jirani alimwalika kunywa ulanzi. Alikwenda mara moja, akarudi mapema. Baadaye nilimsikia akimwambia mwanawe kwamba pombe yenyewe si mbaya, ila kila mtu ana kikombe chake. Mume wangu alikuwa safarini muda mwingi, mara yuko njia ya Idodi, mara Kilolo, mara wamekwenda kuziba mashimo mpaka karibu na Mbeya. Akirudi alikuwa amechoka, anakula na baba yake, wanasema habari za ng'ombe, analala. Siku zilizobaki, mzee alikuwa na ukuta wa mbao, na nyuma ya ukuta nilikuwepo mimi niliyekatazwa kuwepo.

Na alikohoa. Nyumba ilikuwa ndogo na mimi nilikuwa kila mahali, kwa hiyo alikohoa kutwa. Akitaka kusimama, anakohoa. Akitaka kutoka kwenda chooni, anakohoa, anangoja, anakohoa tena akiwa uani, anakohoa pembeni mwa jiko. Mume wangu alishtuka. Nilimwambia, "Hicho si kifua, anapiga hodi." Akasema hodi haiwezi kuwa ndefu namna ile. Akampeleka hospitali. Dresa, mhudumu wa tiba wa siku zile, alimwekea mpira kifuani, akamwambia avute pumzi, akamwuliza anakohoa tangu lini. Mzee akajibu kwa Kiswahili chake, "Tangu ameoa." Alikuwa na maana ya mwanawe. Dresa akaandika alichoandika, akampa chupa kubwa ya dawa ya kikohozi.

Mzee aliinywa yote, kwa sababu mwanawe ndiye aliyeileta. Aliendelea kukohoa, na aliendelea kukonda. Nilikuwa naweka sinia la chakula mlangoni, naligonga kwa kijiko, nakimbilia nyuma ya nyumba. Nikirudi nalikuta limeguswa kidogo tu, ugali umemegwa upande mmoja kwa adabu ili nisione limerudi lilivyokwenda. Nilijaribu kupika ndizi, zilipopatikana. Nilijaribu maziwa ya mgando. Hakuwa anakataa chakula. Alikuwa ni mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kula peke yake, na sasa akiketi mbele ya sinia hajui aanzie wapi.

Siku moja mtoto alikuwa analia, nami nikambembeleza kwa sauti. Nikamwambia, bila kufikiri, "Nyamaza, babu yako hajala. Mwulize babu yako kwa nini hali."

 Upande wa pili wa mbao nikamsikia mzee akikohoa, si kile kikohozi cha hodi, kingine kidogo cha kusafisha koo. Akasema, "Mjukuu wangu, mwambie mama yako chumvi imezidi."

Mtoto alikuwa wa kunyonya bado. Nilikaa kitandani nikamtazama kana kwamba kweli ni yeye aliyesema. Halafu nikamjibu, "Mwambie babu, kesho nitapunguza." Na upande wa pili akasema, "Mwambie ndaga." Ndaga kwetu ni asante, na ni pole pia.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Hakuna mwiko uliovunjwa. Mimi nilikuwa nazungumza na mtoto wangu, naye alikuwa anazungumza na mjukuu wake, na mbao zilikuwa katikati. Asubuhi nilimwambia mtoto, "Mwamkie babu," na mzee akaitikia kwa kina, akauliza amelalaje, ameota nini, na mimi nikamwotea mtoto ndoto. Alimweleza mtoto habari za ujana wake, jinsi walivyojenga kijiji chao yeye na wenzake, nani aliiba ng'ombe wa nani, nani alikuwa mwoga wa chui akajifanya mgonjwa. Mimi nilikuwa nachambua mchele nikimwuliza mtoto maswali ili amwulize babu. Siku moja nilimwuliza mtoto kama babu anatamani kurudi nyumbani. Mzee ndiye aliyejibu. "Mwambie mama yako," akasema, "huko wamebaki wawili, na mmoja hasikii." Nilicheka kwa sauti, naye akanisikia, na nikamsikia akicheka.

Alianza kula. Siku za baridi ya Juni zilipita, zikapita na za Julai, na masinia yakawa yanarudi matupu. Jirani aliniambia, "Mkwe wako amenawiri, umempa nini?" Sikumwambia. Ningesema nini, kwamba nimempa mtoto mchanga wa kusemea? Mtoto mwenyewe, alipoanza kutoa sauti, jambo la kwanza alilojifunza ni kukohoa. Alikohoa akitaka kunyonya, alikohoa akitaka kubebwa. Mzee alipomsikia aliniambia kupitia kwake kwamba huyu ni wa ukoo.

Mume wangu ndiye aliyeharibu, na aliharibu kwa upendo. Nasema hivi bila uchungu naye. Alikuja mchungaji kututembelea, akaniona naingia kwa dirisha, akamwambia mume wangu kwamba mbele za Mungu mkwe na mkamwana ni baba na binti, na desturi ile tuiache. Mume wangu alikubaliana naye, mzee naye aliitikia kwa heshima. Mchungaji akaniita niingie kwa mlango, nimsalimu baba yangu. Niliingia. Yaani miguu yangu iliingia hatua moja, na macho yangu yakaona blanketi: mzee alikuwa amejifunika gubigubi, kichwa na yote, ili asinione. Nikatoka nje mbio. Mchungaji alisikitika. Katika mji ule wote tulikuwa wawili tu tunaoushika mwiko huo, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyeujua mlango wa kuutokea. Kwetu ilikuwepo njia ya kuufungua, mkwe akizeeka na kukosa wa kumtunza, lakini ilitaka wazee wa pande zote mbili wakae pamoja na kushuhudia. Tungewapata wapi wazee hao Iringa?

Basi mume wangu akaamua kutustahi sote wawili. Alitafuta mbao, akazileta kwa lori kutoka upande wa Mafinga, mbao nzuri zenye harufu, na kila alipokuwa na siku ya mapumziko alipiga misumari. Alijenga nyumba ndogo mwisho wa kiwanja, ng'ambo ya mfereji, yenye mlango wake na dirisha lake na sakafu ya mbao ili baridi isipande miguuni. Aliipiga randa mpaka ikawa laini. Mimi nilipewa mlango wangu. "Sasa hutapita tena dirishani," aliniambia, na uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyetenda wema mkubwa. Ulikuwa wema mkubwa. Jirani alisema hajawahi kuona mtoto aliyemjengea baba yake vile. Mzee aliingia humo kabla ya mvua, akambariki mwanawe kwa maneno marefu ya kwetu.

Siku ile nilipoingia tena kwa mlango wa mbele, chumba kilikuwa kitupu na kikubwa. Nilimwambia mtoto, "Mwamkie babu." Kisha nikakumbuka.

Nilijaribu kupiga kelele kutoka uani. Lakini huwezi kumpigia mtoto aliye mgongoni kelele za kuvuka mfereji, watu wakageuka kutazama, na mambo tuliyokuwa tunasema hayakuwa ya kupigiwa kelele. Mume wangu alimpeleka mtoto kwa babu yake jioni, na mzee alimpakata. Lakini mtoto bila mimi nyuma ya mbao alikuwa mtoto tu. Hakuwa na majibu.

Baada ya muda mume wangu alirudi kutoka safari akiwa na furaha. "Kifua kimepona," akasema. "Husikii? Hakohoi tena. Kumbe ulikuwa moshi wa jiko lako."

Nilikuwa nimekwisha kuusikia ukimya huo. Nilikuwa nausikiliza kutwa, nikiwa jikoni, nikiwa nafua. "Hakohoi kwa sababu hana wa kumkoholea," nikamwambia.

"Hutaki kuona baba yangu amepona?"

"Nataka umrudishe kwa wenzake. Na kama huwezi, umrudishe ukutani kwangu."

Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. Nami sijui kusema taratibu nikiwa na hasira, kwa hiyo nilisema zaidi ya nilivyotaka. Nilimwambia amemjengea baba yake sanduku. Alitoka nje akaenda kusimama mbele ya kile kijumba, akaushika ule ubao aliouchonga, na nilimwonea huruma. Aliporudi alisema mvua zikiisha, njia ikikauka, atamrudisha Tukuyu, hata kama wamebaki wawili na mmoja hasikii. Atamtafutia mtu wa kumpikia. Nilikubali. Njia ya mvua kweli ilikuwa mbaya, yeye ndiye aliyeijua kuliko wote.

Kwa hiyo tukawa tunangoja mvua ziishe. Lakini mzee hakuwa na wa kungoja naye. Masinia yalianza tena kurudi yamemegwa upande mmoja, kisha yakarudi hayajaguswa. Mume wangu alimpeleka tena hospitali. Kifua safi, wakasema, tumbo halina kitu, ni uzee. Siku hizi nasikia kwenye redio watu waliosoma wakieleza kwamba mzee akikosa wa kuzungumza naye mwili wake nao unajikatia tamaa, na watangazaji wanashangaa. Mimi sishangai. Niliusikia mwili ukijikatia tamaa ng'ambo ya mfereji wakati nikimenya viazi.

Kisha mvua ikakata njia upande wa Idodi, na mume wangu akaitwa kwenda kuitengeneza pamoja na wenzake wa kazini. Akaniachia maagizo: jirani atampelekea mzee uji. Jirani alimpelekea. Asubuhi moja alirudi na bakuli limejaa, akaliweka mbele yangu. "Mwanangu," akasema, "mimi hanielewi nami simwelewi. Ameshindwa kunyanyuka. Desturi zenu sizijui, ila huyo mtu anakwenda."

Nilipasha uji moto. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikajifunika nguo kichwani, nikavuka mfereji. Mvua ilikuwa inanyesha na kijumba chote kilikuwa kinavuma. Pale mlangoni sikujua nifanye nini. Hakuna mtu aliyewahi kumfundisha mkamwana jinsi ya kupiga hodi kwa mkwe wake. Basi nikafanya kile nilichokijua. Nilikohoa.

 Ndani sauti yake ikatoka, nyembamba, lakini ni yeye. "Mjukuu wangu, upo?"

"Nipo, babu," nikasema kwa niaba ya mtoto aliyelala.

"Mwambie mama yako aingie. Mwambie asiogope. Nimefumba macho."

Niliingia nimeinamisha kichwa, nikiona sakafu tu, ile sakafu iliyopigwa randa. Niliona miguu yake, kidole gumba kilichopinda, na jinsi miguu yenyewe ilivyokwisha kukonda. Nilipiga magoti nikimpa ubavu, nikanyoosha mkono na kijiko kwa kukisia. "Mwambie babu afungue kinywa," nikasema. Alifungua. Uji mwingine ulimwagika shingoni, nikaupangusa bila kutazama. Alimeza vijiko vichache. Akasema, "Mwambie chumvi safari hii iko sawa." Nililia palepale, na mtoto mgongoni akaamka akaanza kulia naye.

Nilipotaka kutoka akasema, "Akifika nje akohoe, nijue nifungue macho."

Hivyo ndivyo tulivyofanya siku zile za mvua. Nilikohoa mlangoni, akafumba macho, nikaingia. Nilimlisha, nikamwosha miguu, nikaketi nimempa mgongo, naye akazungumza na mjukuu wake. Alimweleza tena habari ya yule mwoga wa chui. Nikitoka nilikohoa, na nilijua kwamba ndani macho yamefunguka. Alikuwa anakula kidogo zaidi kila siku. Nilianza kuamini tungefika kiangazi. Lakini nilikuwa nimechelewa kupewa mlango, na mwili ulikuwa umekwisha kukata shauri.

Asubuhi ya mwisho nilikohoa kama kawaida. Nilimsikia akisema, "Ingieni." Alikuwa hajawahi kusema vile, kwa wingi, kana kwamba nami nimo. Niliingia, nikapiga magoti, nikamwambia mtoto amwambie babu afungue kinywa. Kijiko kikabaki hewani. Nikamwambia tena. Mvua ilikuwa kubwa, nikadhani hajanisikia, nikasema kwa sauti zaidi, na baadaye niligundua kwamba mara ya mwisho sikumtaja mtoto. Nilisema, "Baba, fungua kinywa." Nilisubiri mpaka uji wa kijikoni ukapoa. Kisha nikaweka kijiko chini, nikatoka kinyumenyume, nikamwita jirani.

Mume wangu alifika alasiri, matope mpaka magotini. Waliokuja kumwosha walikuwa wamemaliza. Aliingia kwa baba yake akakaa humo muda mrefu, akatoka, akaja kusimama jikoni nilipokuwa nimeketi na mtoto. Alitaka kusema jambo lingine, niliona, lakini akauliza hilo dogo.

"Wanasema walimkuta macho yamefumbwa vizuri. Nani alimfumba?"

"Alifumba mwenyewe," nikamwambia, "aliposikia nakohoa."